Kabla hujafungua laptopu kubadilisha diski

Laptopu ikianza kulalamika kwamba nafasi imekwisha, wengi hukimbilia dukani kununua diski kubwa, na jioni hiyohiyo mashine iko mezani imefunguliwa. Subiri kwanza. Kuitoa diski ya zamani na kuweka mpya ni kazi ya dakika 20 kwa mtu mwenye mikono mitulivu. Yanayowaliza watu yanatokea kabla bisibisi haijaguswa, na yote yanazuilika.

Anza kwa kujua mashine yako inapokea diski gani. Igeuze, soma namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini, uitafute. "HP ya core i5" siyo modeli. Laptopu za miaka ya nyuma nyingi zinatumia diski ya inchi 2.5 ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta), na hapo angalia unene: nyembamba zinataka ya milimita 7, nyingine zinapokea hadi 9.5. Zile diski za kuzunguka (zenye sahani inayozunguka ndani) za inchi 2.5 zenye 3 TB, yaani GB elfu tatu, kwenda juu huwa na unene wa milimita 15, na haziingii kwenye laptopu ya kawaida hata ukilazimisha. Usilazimishe.

Laptopu za karibuni zinatumia M.2, kile kijipande chembamba kama bigijii. Kilichoandikwa 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Kilichoandikwa 2242 ni kifupi, kina milimita 42, na skrubu yake inakaa mahali pengine. Tena M.2 ziko za SATA na ziko za NVMe, njia mpya na ya kasi zaidi. Ukizitazama haraka zinafanana, lakini nafasi iliyotengenezwa kwa SATA peke yake haiioni NVMe kabisa, na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Na kama mashine yako ni MacBook Air ya M1, weka bisibisi chini: hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi. Nunua diski ya nje.

Kati ya diski ya kuzunguka na SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka ndani, chukua SSD. Hata ile ya SATA inasoma kama MB 500 kwa sekunde, wakati ya kuzunguka inahangaika kwenye 100.

Ukinunua ya 1 TB na Windows ikakuonyesha 931 GB, usirudi dukani kugombana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ukinunua inayozidi 2 TB, hakikisha inapangwa kwa mfumo wa GPT, maana ule wa zamani wa MBR unaishia hapo na kinachobaki hutakiona.

Sasa pima afya ya diski unayoitoa. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure na inasema kwa rangi: buluu ni nzima, njano ni onyo, nyekundu ni mgonjwa mahututi. Ikiwa njano au nyekundu, au unaisikia inagonga tak, tak, tak, usianze kuikloni yote (kuinakili nzima kama ilivyo, pamoja na Windows) kwa mkupuo. Okoa kwanza vile usivyoweza kuvipata tena mahali pengine, ndipo uendelee na mengine.

Halafu bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako. Hapa kaa, usome taratibu, maana ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Mwaka 2019 mama mdogo aliniletea laptopu yake. Diski ya GB 320, imejaa pomoni. Alikuwa mwalimu, na katika ukoo wetu yeye ndiye mtunza kumbukumbu: kila harusi, kila msiba, kila aqiqa, picha zinaishia kwake. Ndani yake kulikuwa pia na sauti ya bibi, dakika 47, aliyoirekodi mwenyewe kwa simu miaka miwili kabla bibi hajafariki, akisimulia jinsi babu alivyofika Korogwe kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nilinunua SSD nzuri ya 1 TB. Kwa ajili ya bakapu nikanunua diski ya nje, ndogo, ya bati linalong'aa, imeandikwa 2 TB, kwa shilingi 35,000. Bei ile ilipaswa kunishtua. Haikunishtua, nilifurahi.

Nikanakili mafaili yote, kama GB 260, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikafungua ile diski ya nje: folda zote zipo, majina yote yapo, ukubwa wa kila faili uko sawasawa na kule lilikotoka. Nikafungua folda la kwanza, picha mbili tatu zikaonekana vizuri. Nikaridhika. Mpwa wangu alikuwa na laptopu isiyo na diski, basi ile ya zamani nikaifomati palepale, nikaweka Windows, nikampa.

Nilipoanza kurudisha vitu kwenye SSD mpya, folda la kwanza likaja salama. La pili nalo. Kufika la harusi ya binamu yetu, picha zikaanza kufunguka nusu. Nakumbuka moja vizuri: juu unaiona kofia ya bwana harusi na paji la uso, kuanzia kwenye macho kushuka chini ni kijivu kitupu. Iliyofuata ilikuwa ya kijivu yote. Zilizofuata hazikufunguka kabisa. Folda baada ya folda, hivyohivyo hadi mwisho.

Nilichonunua kilikuwa na GB 32 tu ndani. Kinachofanyika ni hivi: wanachukua chipu ndogo, wanabadilisha maelezo yake ili ikiulizwa na kompyuta ijibu kwamba ina 2 TB. Kompyuta haina sababu ya kubisha. Inaendelea kuandika, na ile sehemu ya kweli ikishajaa, kila kinachokuja baada ya hapo kinatupwa tu, au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Orodha ya majina ya mafaili mara nyingi inakaa kwenye sehemu ya kweli, ndiyo maana ukitazama unaona kila kitu kipo. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna onyo lolote.

Nikamfuata mpwa, nikaichukua diski usiku uleule, nikaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Ilirudisha picha elfu tatu na kitu, zisizo na majina wala folda, zimechanganyikana. Sauti ya bibi haikuwemo. Pale ilipokuwa imekaa, nadhani Windows niliyoiweka kwa ajili ya mpwa ilikuwa imeshaandika juu yake.

Nilimpelekea mama mdogo laptopu yake na kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na ile sauti ya bibi yako, mwanangu?" Nikamwambia imepotea, mama mdogo, nisamehe. Alisema tu, "Haya." Akaifunga laptopu, akaniandalia chai.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hata hatua moja. Diski ya nje au flashi yoyote mpya, ijaribu kabla ya kuiamini. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Zote zinaijaza diski hadi ukingoni kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kukwambia ukweli. Zinachukua muda mrefu. Ziache zichukue. Ukishanakili, ichomoe kabisa, maana kompyuta iliyonakili huenda bado imeshika sehemu ya mafaili kwenye kumbukumbu yake na itakuonyesha hiyo. Chomeka kwenye kompyuta nyingine. Fungua mafaili ya mwanzo, ya katikati, na hasa ya mwisho kunakiliwa. Cheza video hadi dakika yake ya mwisho. Vile vichache ambavyo vikipotea utalia, viweke mahali pa pili pia: hata ukimtumia ndugu yako kwa simu, siyo vibaya. Na diski ya zamani usiifomati, usiigawe, usiiuze, hadi mwezi mzima upite huku mpya inafanya kazi.

Yanayobaki ni mafupi, lakini yafanye yote.

Angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayofanya diski isisomeke bila ufunguo. Windows 11 mara nyingi huifunga yenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hukuambiwa kwa sauti. Kuna namba ya kuifungulia yenye tarakimu 48. Itafute kwenye akaunti yako, iandike kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo umeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kama laptopu ni ya ofisi, waone watu wa kompyuta wa ofisini kwanza.

Amua kama unakloni au unaweka Windows upya. Ukikloni, kila kitu kinahama kilivyo. Ukiweka upya, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na programu zote zinabaki nyuma. Programu za mahesabu zenye leseni ya mashine moja, iondoe leseni kwanza kwenye Windows ya zamani wakati bado inawaka. Leseni ya Windows yenyewe isikupe presha: kwenye mashine nyingi inatambuliwa kwa bodi, siyo kwa diski.

Wakati wa kukloni, utaulizwa diski ipi inatoka na ipi inapokea. Usitazame namba ya diski peke yake, kwa kuwa hiyo inaweza kubadilika ukichomoa na kuchomeka. Soma jina la modeli na ukubwa, yasome kwa sauti, ndipo ubonyeze. Ukigeuza, unanakili utupu juu ya maisha ya mtu. Baada ya kukloni, nafasi mpya inaweza isionekane kwenye C kwa sababu kipande cha kurejesha Windows kimekaa katikati. Haijapotea, inahitaji kusogezwa tu.

Umeme. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa, na kama betri imekufa usianze bila UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Tumia tundu la USB 3, mara nyingi ni lile la buluu. GB 500 kupitia USB 2 ni saa nne na zaidi, na katika saa nne mengi hutokea, hasa mitaa ya kwetu.

Ukifika kwenye kufungua: zima kabisa, chomoa chaja, ondoa betri kama inatoka, au chomoa waya wake kwenye bodi. Gusa chuma kwanza ili umeme tuli ukutoke mwilini. Piga picha kila hatua. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa umbo la laptopu, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake hautofautiani bure: ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi inatoboa sehemu ya kuwekea mikono, au inagusa bodi.

Usifanye kazi hii usiku wa kuamkia mtihani au siku ya kuwasilisha ripoti. Usifanye ukiwa na haraka, wala watoto wakiwa wanazunguka meza. Ukimpa fundi, kaa naye, na diski yako ya zamani ondoka nayo mkononi. Ukifika nyumbani ibandike kipande cha plasta, andika jina la mwenyewe na tarehe, iweke juu kabatini.