Namna ya kuweka lebo kwenye rafu za ghala bila kumchanganya mtu

Lebo ya rafu ni anwani ya mahali, si jina la bidhaa. Bidhaa huhama, mahali hapahami. Ukiandika "Betri" kwenye boriti (chuma cha mlalo kinachobeba mzigo wa rafu) leo, baada ya miezi 3 pale patakaa mafuta ya mashine na lebo itakuwa inadanganya. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye mfumo wa anwani. Printa isubiri.

Chukua anwani 04-17-C-2. Hiyo 04 ni njia, wanakopita watu na foklifti, yaani magari ya kuinulia mizigo. 17 ni mwanya, yaani nafasi iliyo kati ya nguzo mbili za rafu. C ni tabaka, na 2 ni nafasi ya paleti (jukwaa la kupangia mzigo) ndani ya mwanya, ukihesabu kutoka kushoto hali umeikabili rafu. Anwani inafuata mwendo wa mtu: anatafuta njia, anafika kwenye mwanya, kisha anainua macho. Herufi imewekwa kati ya namba kwa makusudi. Anwani ya namba tupu kama 04-17-03-02 ikisomwa kwenye redio, ni rahisi msikilizaji kubadilisha mwanya na tabaka.

Andika 04, usiandike 4. Kompyuta ikipanga namba kama maandishi hutoa 1, 10, 11, 2, na mtu wa kuhesabu mali atakimbizwa kutoka ncha moja ya njia hadi nyingine. Kama kuna uwezekano wa kupita mianya 99 katika njia moja, tumia tarakimu 3 tangu siku ya kwanza. Ruka herufi I, O na Q, kwa sababu hufanana na 1 na 0. Orodha ikitengenezwa kwenye Excel, ipe safu nzima ya anwani umbo la maandishi kabla ya kubandika chochote. La sivyo 04 hubaki 4, 04-05-02 yaweza kugeuka tarehe, na 04E05 husomwa kama laki nne.

Tabaka la sakafuni liwe A daima, hesabu ipande juu. Rafu huongezewa tabaka juu. Hakuna anayeongeza chini ya sakafu. Mwanya 01 nao uanzie ncha ile ile katika kila njia, namba witiri kushoto, shufwa kulia, kama nyumba za mtaani. Wapo wanaogeuza namba kama nyoka, njia moja kwenda na inayofuata kurudi, ili zifuate mzunguko wa wakusanya oda. Hatushauri. Mzunguko huo programu ya ghala inaweza kuutunza katika safu yake yenyewe, na ukaubadilisha utakapo. Kichwa cha mtu kinahitaji jambo moja tu: 01 iko upande wa mlango, kila njia.

Sasa kosa linalozaa paleti nyingi zilizopotea. Lebo iko kwenye boriti, juu ya boriti kuna paleti, chini yake kuna paleti nyingine. Lebo ni ya ipi? Aliyezoea anajua, mgeni anabahatisha, na akikosea makosa yanakuwa mawili, kwa sababu paleti ya pili nayo itatafutwa. Amua kanuni moja: lebo ya boriti ni ya paleti iliyokaa juu ya boriti hiyo. Tabaka A halina boriti, basi lebo yake huwekwa kwenye boriti ya B. Hapo pana lebo mbili pamoja, kwa hiyo mishale ni lazima: unaoelekea juu kwa B, unaoelekea chini kwa A. Mishale iwe minene, isiwe vijimstari vya kupamba.

Matabaka ya juu yana shida nyingine. Dereva wa foklifti hawezi kuskani lebo iliyo mita 8 juu kwa skana ya kawaida. Njia ya kwanza ni lebo zinazorudisha mwanga pamoja na skana ya masafa marefu. Ya pili, na ya gharama ndogo, ni kuweka anwani za matabaka yote ya mwanya kwenye ubao mmoja ulio usawa wa macho, zikipangwa kama zilivyo kwenye rafu: ya juu kabisa iwe juu. Kila tabaka lipewe rangi yake, lakini herufi ibaki kubwa, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Acha nafasi ya kutosha kati ya msimbopau mmoja, yaani michirizi inayosomwa na skana, na mwingine. Ikibanana, mwale wa skana hugusa wa jirani na mfumo hupokea tabaka lisilo sahihi bila kulalamika. Kinga nzuri ni namba ya uhakiki: tarakimu 2 za kubahatisha zinazobandikwa kwenye boriti yenyewe tu, ambazo dereva huzisoma na kuziingiza kabla ya kushusha mzigo.

Kwa ukubwa wa maandishi, kipimo cha kuanzia ni urefu wa herufi wa milimita 25 kwa kila mita 3 za umbali wa kusoma. Bango la njia linalosomwa kutoka mita 12 linataka herufi za milimita 100 hivi, na liwekwe ncha zote mbili za njia, kwani watu huingia kokote. Kwa msimbopau, aina iitwayo Code 128 inatosha ghala nyingi. Acha weupe mtupu pande zote mbili, angalau mara 10 ya unene wa mstari mwembamba kuliko yote. Fremu nzuri iliyochorwa ndani ya weupe huo ndiyo sababu ya kawaida ya skana kukataa kusoma. Chagua uso usiong'aa, maana taa za dari huakisiwa na kuipofusha skana.

Karatasi ya joto, ile ya risiti, usiitumie hapa. Hufifia kwa mwanga, hugeuka nyeusi kwa joto. Tumia lebo za poliesta zilizochapwa kwa utepe wa wino wa resini, zenye pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Kabla ya kuagiza, hesabu. Njia 6, kila moja mianya 40, matabaka 4, nafasi 3: ni lebo 2,880. Kisha chapa lebo za mianya michache kwenye karatasi ya kawaida, zitundike, na umtume mtu asiyelijua ghala lako kutafuta anwani 10. Akiuliza swali lolote, mfumo haujakamilika. Dereva naye azijaribu akiwa ameketi kwenye foklifti.

Siku ya kubandika, futa vumbi, kisha pangusa boriti kwa spiriti na uiache ikauke. Gundi huonekana imeshika wakati imeshika vumbi tu. Bandika katikati ya uso bapa, usikunje lebo kwenye ukingo, sugua kuanzia katikati kwenda nje, na usiiguse kwa saa 24. Usifunike kibao cha uzito unaoruhusiwa wala pini za usalama za boriti. Boriti zinazohamishwa mara kwa mara zipewe lebo za sumaku. Chumba baridi kinahitaji gundi inayostahimili baridi kali, na ni vyema kubandika kabla hakijawashwa, maana utando wa barafu huzuia gundi kugusa chuma.

Mizigo inayokaa sakafuni itundikiwe mabango juu, mahali mlingoti wa foklifti usipofika. Lebo za sakafuni huchanwa na kingo za paleti na magurudumu yanapokata kona. Ikibidi kuzitumia, zifunike kwa bamba gumu.

Ghala likiwa linafanya kazi, badilisha njia moja kwa wakati. Funga anwani zake kwenye mfumo, ng'oa lebo zote za zamani, bandika mpya, kisha pita na skana ukisoma kila lebo kwa mfuatano na kulinganisha na orodha. Hapo ndipo hugunduliwa lebo mbili zilizobadilishana mahali, kosa ambalo jicho halilioni. Kuacha lebo ya zamani "kwa muda" kando ya mpya ni kualika watu waendelee kutumia ile waliyoizoea.

Chapa ziada ya lebo za tabaka A na B, ambazo ndizo hugongwa zaidi, na umtaje kwa jina mtu wa kuzibadilisha. Lebo iliyoharibika isiandikwe upya kwa kalamu ya wino: 7 ya mkono wa mmoja ni 1 kwa mwingine.