Namna ya kubishana kuhusu bingwa wa boksi aliyepigwa bila kuvunja viti vyangu

Nina nganda ndogo, yaani baa, hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, kando ya soko: meza za plastiki, televisheni moja, bia ya Simba baridi umeme ukiwepo, na michopo, nyama ya mbuzi, ikichomwa pale mlangoni. Watu wa mpira hawanisumbui. Wa Mazembe na wa Lupopo watatukanana wee, halafu mmoja anafungua simu, anaonyesha msimamo wa ligi, biashara inaendelea. Boksi haina msimamo wa ligi. Bingwa ambaye kila mtu alimwekea bia anaangushwa na mtu asiyetazamiwa, basi wiki nzima hapa hapakaliki. Na kwa kuwa mshiko wa bia, yaani bia walizowekeana dau, ninaushika mimi, wameniachia mimi kuamua nani ana haki. Haya ndiyo ninayotaka mtu afanye kabla hajafungua mdomo kwangu. Yatafaa pia kwa kinyozi, au popote mnapokaa.

Uliza kwanza pambano liliishaje. Lilifika mwisho na majaji wakatoa pointi, au mwamuzi alilisimamisha, au mtu alihesabiwa hadi kumi? Nusu ya kelele inakufa hapo. Bondia wetu Ilunga Makabu alipopoteza mkanda wake wa ubingwa wa dunia wa WBC, mojawapo ya vyama vya boksi vya dunia, mbele ya Badou Jack kule Diriyah, Saudi Arabia, tarehe 26 Februari 2023, fundi mmoja wa kuchomea vyuma alisimama hapa kulia kwamba majaji wamenunuliwa na pesa ya mafuta. Papa, majaji gani? Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya 12. Karatasi za majaji zilibaki kwenye meza. Ukitaka kulalamika, lalamika kwamba mwamuzi aliingilia mapema, na utuonyeshe kwenye picha mkono gani Makabu alikuwa bado anarusha dakika ile. Alipoombwa hivyo, alikaa.

Pili, na hapa ndipo wengi wananikera: anza na aliyeshinda. Watu wanajadili bingwa kana kwamba alipanda ulingoni peke yake akapigwa na hewa. Hakulala vizuri, mwanamke alimvuruga, kocha mbaya, chakula kibaya. Na yule mwingine alikuwa anafanya nini muda wote huo? Kwangu huruhusiwi kutaja sababu yoyote ya bingwa kabla hujataja mambo mawili aliyoyafanya mshindi kwa mikono au kwa miguu yake.

Pambano la kujifunzia sheria hii tunalo nyumbani. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, usiku wa manane, uwanja wa 20 Mai ambao leo unaitwa Tata Raphaël. George Foreman, miaka 25, mapambano 40, ameshinda yote, 37 kwa kuangusha watu. Joe Frazier na Ken Norton, ambao kila mmoja alikuwa amemshinda Muhammad Ali, Foreman alimaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32. Mwenye akili timamu hakuweza kumwekea Ali bia, ingawa uwanja mzima ulikuwa unamwimbia. Raundi ya nane Foreman alikuwa chini.

Baadaye Foreman alisema kamba zililegezwa na maji yake yalitiwa dawa. Wazee wangu hapa bado wanagawanyika, hasa kwa kamba. Ni kweli zilikuwa zimelegea. Kocha wa Ali, Angelo Dundee, alilaumiwa, naye akasema ni joto. Lakini kamba zilizunguka ulingo mzima na watu walikuwa wawili. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kuziegemea kwa hiari yake.

Tazameni video tena, taratibu. Raundi ya kwanza Ali hakukaa kwenye kamba. Alikuwa anafungua na mkono wa kulia, mkono wa nyuma, ambao unasafiri mbali kabla haujafika, kwa hiyo bondia mzuri anauona mapema. Foreman hakuuona. Ulimpata usoni mara nyingi akakasirika. Raundi ya pili Ali anarudi kwenye kamba, anabana viwiko mbavuni, ngumi mbili mbele ya uso, anaulaza mwili nyuma, na Foreman anapiga mikono, mabega, na hewa. Akikaribia, Ali anamshika shingoni na kumwinamisha, ili zile kilo zote za juu ya mwili azibebe Foreman. Na kila raundi inapokaribia kuisha, Ali anaamka na kupiga haraka haraka. Kufika raundi ya tano mikono ya Foreman inazunguka kama ya mtu anayekata majani. Hayo ndiyo mambo ya mshindi. Ukishayasema, sasa unaruhusiwa kusema la kamba, na utashangaa jinsi linavyopungua ukubwa.

Kuna sababu moja ya upande wa Foreman ambayo ninaikubali, na watu hawaitaji kamwe. Pambano lilikuwa lipigwe tarehe 25 Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa wiki tano. Mtu aliyechanika hawezi kupigana mazoezi kama kawaida mpaka kidonda kifunge, na kidonda hicho kilionekana na kila mtu. Kwa hiyo ninawafundisha vijana kutenga sababu katika mafungu: ile yenye ushahidi, kama jicho, ile inayowezekana, kama joto la Kinshasa, na ile ya mdomo mtupu, kama maji ya dawa. Ukileta ya mdomo mtupu, unaanza kwa kununua bia.

Ya uchawi iko humo humo. Kila mara kuna mtu anasema bingwa alifungwa na nganga. Siwatukani, kila mtu ana imani yake. Ninauliza tu: dawa hiyo ilianza kufanya kazi raundi ya ngapi? Kama ni ya nne, mbona ya tatu alipigwa vilevile?

Kuhusu kuhesabu, jifunzeni kanuni moja itakayowaokoa na ugomvi mwingi. Tokyo, tarehe 11 Februari 1990, Mike Tyson hajawahi kushindwa, anakutana na Buster Douglas ambaye dau lake lilikuwa 42 kwa moja. Raundi ya nane Tyson alimwangusha Douglas, Douglas akaamka mwamuzi akiwa amefika tisa. Raundi ya kumi Tyson ndiye aliyelala. Upande wa Tyson ukapiga kelele kwamba mwamuzi alichelewa kuhesabu, Douglas alikaa chini zaidi ya sekunde kumi. Kwa saa ya mkononi, huenda. Lakini aliye chini anafuata mdomo wa mwamuzi, hafuati saa yako wala ya televisheni. Douglas alikuwa anamtazama mwamuzi akisubiri namba. Vyama vya boksi vilisitasita siku chache, halafu vikamtambua kuwa bingwa.

Pambano hilohilo ni zuri kwa wanaopenda kulaumu kona, yaani watu wanaomhudumia bondia kati ya raundi. Jicho la Tyson lilikuwa linavimba na kufunga, na watu wake hawakuwa hata na kile chuma kibaridi cha kubana uvimbe. Walijaza maji ya baridi kwenye glavu ya mpira wakambandika nayo. Ukitaka kuijua kona, usiende kununua michopo kati ya raundi. Ile dakika moja ndiyo ya kutazama. Nani anazungumza, mmoja au watatu kwa pamoja? Bondia anakitafuta kigoda kwa mkono kabla hajakaa? Anajibu, au anatazama watu? Mimi huzima sauti kabisa, kwa sababu mtangazaji akishamchagua mtu wake, na nyinyi mnamchagua.

Sababu ya mahali pia itumieni kwa akili. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Afrika Kusini kwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa watanielewa: kule juu karibu na Johannesburg hewa ni nyepesi kuliko hata hapa kwetu. Aprili 2001 Lennox Lewis alipanda ulingoni Brakpan akiwa mzito, akiwa amechelewa kufika kwa sababu alikuwa na kazi ya kuigiza filamu Marekani, wakati Hasim Rahman alitangulia mapema kuzoea. Raundi ya tano, mkono mmoja wa kulia, kwisha. Hapo nakubali kimo cha mahali kiseme neno, kwa sharti kwamba mseme pia Rahman aliijua hewa hiyo akajiandaa nayo. Novemba ya mwaka uleule, Las Vegas, Lewis alimlaza raundi ya nne.

Marudiano ndiyo shahidi ninayemwamini zaidi. Anthony Joshua aliangushwa mara nne na Andy Ruiz mjini New York, Juni 2019, Ruiz akiwa ameitwa kuziba nafasi ya mtu mwingine. Hapa wakaapa kwamba Joshua amekwisha. Desemba, Ruiz akaja na kilo kama 128, Joshua akamzunguka kwa mbali raundi zote 12 akashinda kwa pointi. Ubaya ni kwamba Foreman hakupewa marudiano na Ali, wala Tyson na Douglas, na ndiyo maana hayo mawili yananiuzia bia mpaka leo.

Sasa turudi kwa Makabu, maana huyo anatuuma. Mambo yaliyotangulia pambano yanasema mengi kuliko usiku wenyewe. Mkanda aliupata Kinshasa, Januari 2020, kwa kumshinda Cieslak. Januari 2022, kule Ohio, Thabiso Mchunu alimsumbua mpaka jaji mmoja kati ya watatu akampa Mchunu. Hiyo ilikuwa dalili na tuliishangilia kama ushindi. Kisha mwaka mzima na zaidi hakupanda ulingoni. Anayesema "Badou Jack alikuwa mzee wa miaka 39" asahau hoja hiyo; mzee huyo ndiye aliyekuwa amechangamka.

Halafu miguu. Makabu ni mashoto, anapigana kwa kutanguliza mkono na mguu wa kulia. Mashoto akikutana na wa kulia, miguu yao ya mbele inakanyagana, na anayefaulu kuweka wake upande wa nje ndiye anayepata njia ya mkono wa nyuma. Simamisheni video mtazame sakafu badala ya nyuso. Mtakapojua mguu wa nani ulikuwa nje, hamtahitaji kuniuliza mkono wa kulia wa Jack ulipitia wapi.

Jambo moja halibishaniwi hapa. Makabu ni mtoto wa Kananga, kule Kasai, na Lubumbashi tunajua jinsi neno Mkasai na neno Mkatanga yanavyoweza kuharibu jioni. Aliyepigwa alikuwa amevaa bendera yetu sote. Ukileta kabila, ninazima televisheni, na unatoka bila kumaliza chupa.

Mkishindwa kupatana, kila upande unaniambia sababu yake moja, moja tu, ninaiandika kwenye kaye, daftari langu, na jina la anayeisema. Bia inabaki kwangu hadi marudiano. Yasipofanyika ndani ya mwaka, mnaigawana nusu kwa nusu, ya moto au ya baridi kadiri nitakavyokuwa nayo siku hiyo. Glasi iliyovunjika analipa aliyesimama kwanza. Na michopo haingii kwenye mshiko hata kidogo, inalipwa papo hapo, kwa sababu mbuzi mimi sikopeshwi.