Namna ya wawili kula vizuri kwa gharama ndogo katika mgahawa wa Kimeksiko wa mtaani

Mgahawa mdogo wa Kimeksiko, wa aina inayoweza kufunguliwa kwenye fremu ya duka Area C, Kisasa au Ilazo jijini Dodoma, hauhitaji mavazi rasmi wala kuhifadhi meza mapema. Unachohitaji ni mpango, kwa kuwa menyu yake imejaa majina mageni ya vyakula vinavyokaribiana sana, na mume na mke wasiozijua tofauti zake huishia kulipia sahani mbili kubwa zenye vitu vilevile: maharage, wali, jibini na nyama. Ushauri wangu wa msingi ni kwamba kila mtu asiagize sahani yake. Agizeni vitu vidogo vidogo, mvile pamoja, kisha muongeze mkiona bado mna njaa.

Kabla ya kutoka nyumbani, kubalianeni kiasi cha fedha mtakachotumia, mkiwa mmekwisha kutenga nauli ya bajaji ya kurudi. Mchana wa siku za kazi migahawa mingi ya Dodoma hujaa watumishi wanaotaka kula upesi na kurudi ofisini, hivyo mhudumu hawi na nafasi ya kuwaeleza chochote. Jioni mapema panafaa zaidi.

Swali la kwanza lihusu tortilla, ile chapati nyembamba inayobeba karibu kila kitu mezani: "Dada, hizi ni za mahindi au za ngano?" Ya mahindi ndiyo ya kale zaidi. Zao lenyewe lilianza kulimwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita, na kwa kazi hii hawalisagi likiwa kavu kama tufanyavyo sisi kwa ajili ya ugali. Mahindi huchemshwa kwanza katika maji yenye chokaa, huachwa humo hadi kesho yake, huoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo husagwa yakiwa na unyevu. Chokaa hiyo huufanya unga ushikamane kiasi cha kutandazwa bila kupasuka, na pia huiachilia vitamini iitwayo niasini, ambayo mwili hauipati kwa urahisi katika mahindi yasiyopitia hatua hiyo. Ndiyo maana sembe haitoi tortilla nzuri hata ikikandwa kwa bidii namna gani, na mgahawa unaoitumia utawaletea kitu kinachomeguka mkononi. Mkiona hivyo, chagueni ya ngano bila kusita, kwani nayo ni chakula cha asili katika majimbo ya kaskazini mwa Meksiko, wala si njia ya mkato.

Majina mengine hayana ugumu. Taco ni tortilla ndogo iliyokunjwa juu ya nyama, kitunguu na majani ya giligilani. Quesadilla hutiwa jibini na kupashwa hadi iyeyuke. Enchilada huviringishwa na kumiminiwa mchuzi wa pilipili. Burrito ni tortilla kubwa ya ngano iliyofungwa pande zote. Nacho, yaani vipande vya tortilla vilivyokaangwa vikakauka na kufunikwa kwa jibini, zilibuniwa mwaka 1943 na Ignacio Anaya katika mji wa Piedras Negras, mpakani na Marekani. Ni tamu, lakini ni vitafunio, na kwa maoni yangu mwenye bajeti ndogo hapaswi kuanza nazo, maana humaliza hamu ya kula kabla chakula hakijafika.

Kwa watu wawili, anzeni na taco nne, mbili za ng'ombe na mbili za kuku, pamoja na bakuli moja la maharage. Mkitaka burrito, agizeni moja na muombe ikatwe katikati huko huko jikoni, kwa sababu ikikatwa mezani humwaga kila kilichomo. Msione haya kuomba sahani ya pili tupu.

Asiyekula nguruwe aulize mapema. Nyama iitwayo al pastor hupikwa kwenye mshikaki mkubwa uliosimamishwa wima, ufundi uliopelekwa Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni, ila huko siku hizi kwa kawaida ni nguruwe. Carnitas nayo ni nguruwe. Kinachosahaulika zaidi ni maharage ya kupondwa, ambayo kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya mnyama huyohuyo. Kuuliza "Kaka, haya mmeyakaanga kwa mafuta gani?" si utovu wa adabu.

Kuhusu pilipili, jueni kwamba habanero ni ya jamii moja na pilipili mbuzi yetu, hivyo onjeni kila mchuzi kwa ncha ya kijiko kabla ya kuumwaga juu ya chakula cha mwenzako. Ukali wake huyeyuka katika mafuta na si katika maji, kwa hiyo anayewaka mdomo asaidiwe kwa maziwa au mtindi, soda haitamfaa. Kinywaji cha kuagiza ni kile wanachokiita agua de jamaica, ambacho si kingine bali juisi ya rozela tuliyoizoea Dodoma. Jagi moja linatosha wawili, na huenda likagharimu kidogo kuliko chupa mbili za kiwandani.

Taco huliwa kwa mkono. Kamulieni ndimu, inamisheni kichwa badala ya kuigeuza taco, na mle mara inapoletwa, maana ikikaa hulowa na kuchanika.

Bili ikija, ihakikini kabla ya kulipa kwa lipa namba, hasa jibini na parachichi la nyongeza, ambavyo mara nyingi hutozwa peke yake. Chakula kikibaki, ombeni nyama na maharage vifungwe mbali na tortilla. Kesho yake pasheni tortilla kwenye kikaango kikavu kwa nusu dakika kila upande, kisha zifunikeni kwa kitambaa safi wakati maharage yakichemka.