Mbolea ya ruzuku: namna ya kuiomba ukiishi Mombasa na shamba liko mbali

Ruzuku hii si pesa za kutiwa mkononi. Serikali hulipa sehemu ya bei ya mbolea, nawe unamalizia. Mpango ulipoanza Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 uliwekwa shilingi 3,500, wakati madukani ulikuwa umepita 6,000. Agosti 2023 ukashuka hadi 2,500.

Unajiandikisha shamba liliko, si unakolala. Watu wa mjini hukwama hapa. Unakaa Majengo lakini mahindi unalima Kwale au Kilifi, basi nauli ni yako, kamwone naibu wa chifu wa huko. Wenye vishamba ndani ya kaunti, kama Mwakirunge na Mtongwe, wamwendee wa kwao. Ila usianzie ofisini, mpitie mzee wa mtaa. Yeye ndiye wa kusema, "Huyu namjua, analima," na ukiwa mtu wa kuonekana shambani Idi hadi Idi, neno hilo utalihitaji.

Chukua kitambulisho na simu. Hati ya shamba wengi wetu Pwani hatuna, hilo linajulikana, mimi sikuombwa. Niliulizwa ekari ngapi, ni zangu au nimekodi, na nalima nini. Kuandikishwa ni bure, kwa hivyo anayetaka "ya chai" mnyime.

Ekari usizikisie. Kama shamba halijapimwa, tembea: hatua 70 kwa 70 za mtu mzima ni ekari moja hivi. Idadi ya mifuko hufuata ekari na zao uliloandikisha, kwa hivyo ukitaja nusu utapewa ya nusu. Kuongeza nako hakukufai, maana mzee wa mtaa anaujua mpaka wako kuanzia mwembe hadi kisima.

Nambari ya simu nayo iwe yako mwenyewe. Mama yangu aliandikisha ya kakangu kwa sababu yake ilikuwa imeingia maji. Kaka akapata kazi Saudia, laini akaiacha kwenye droo. Vocha ilitumwa, ikalala mle mle mpaka mahindi ya jirani yakabeba. Mama alirudi kwa naibu wa chifu kubadilisha nambari, lakini msimu ulikuwa umeshakwenda.

Ukishaingia kwenye sajili, subiri ujumbe wa simu. Hiyo ndiyo vocha: ina aina ya mbolea, idadi ya mifuko na kituo cha kuchukulia, mara nyingi bohari ya Bodi ya Nafaka, NCPB. Usiufute. Na anayekupigia akitaka nambari yako ya siri ili "akufungulie vocha" ni mwizi tu. Siku ya kwenda beba kitambulisho chenyewe, si kopi, na uwe umeshatia pesa kwenye M-Pesa, kwani malipo ni kwa simu.

Kabla hujaupakia mfuko, tazama mshono na nembo ya KEBS, shirika la viwango. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipenya katika mpango huu huu, ikabidi wakulima wafidiwe. Hakikisha pia umepewa uliyoitaka: DAP ni ya kupandia, CAN ni ya kukuzia mahindi yakishafika magotini. Masika yakianza kuelekea mwisho wa Machi, mwenye kujiandikisha Aprili amechelewa.

Halafu kuna usafiri, na hapa ndipo nafuu inapoliwa. Mifuko miwili ukiichukulia pikipiki peke yako, hesabu inakurudisha karibu na bei ya duka. Tafuteni majirani wanne watano, mkodi pikapu moja. Na kama mnavuka feri ya Likoni wakati wa mvua, funikeni mzigo kwa turubai. CAN ikinyonya maji huganda, na utakuja kuipasua kwa nyundo.