Bodi mbili za gemu ndani ya kabati moja

Wengi wenye vibanda vya gemu hupita njia ya mkato: nyaya zote za bodi ya pili (sakiti yenye gemu) wanaziunga sambamba na za kwanza, kisha wanaweka swichi moja ya kubadili volti 5. Hapo ndipo picha inafifia na jostiki inajibonyeza yenyewe, kwa sababu bodi iliyolala hunyonya umeme kupitia nyaya za batani na za picha. Kwa hiyo kila waya wa ishara utenganishwe, si umeme peke yake.

Kwa bodi za JAMMA, mpangilio wa kawaida wa nyaya za kabati za gemu (soketi ya pini 56, 28 kila upande: namba upande mmoja, herufi upande wa pili), wachezaji wawili wenye batani tatu kila mmoja, hesabu ni hii: jostiki nyaya 8, batani 6, kuanza 2, sarafu 2, picha 4, spika 2. Jumla 24. Rilei (swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme) ndogo ya volti 12 yenye njia mbili za kubadili inabeba nyaya mbili, basi nunua 12. Chukua zilizozibwa kabisa, zenye ncha za dhahabu. Zile kubwa za mafundi umeme hazifai: upepo wa chumvi wa pwani, kama Shangani au Mikindani, huzitia kutu ndani, na ishara ya batani ni dhaifu mno kuipenya.

Ncha ya kati iende kabatini, ya kupumzikia bodi ya kwanza, ya kuvutwa bodi ya pili. Kila koili (sumaku ya rilei) ipewe dayodi 1N4007, mstari ukielekea chanya. Volti 5 na 12 zipitie rilei yao ya ampea 10, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, na volti 5 itumie pini zote nne: 3, 4, C, D. Graundi usiikate, iunge moja kwa moja.

Spika inawanasa wengi. Kwenye bodi nyingi waya wake hasi si graundi, na ukiuunga huko unaua ampilifaya. Badilisha nyaya zote mbili.

Pini ya 7 iwe na kizibo. Bodi ikichomekwa kinyume, volti 12 za pini ya 6 zinaingia njia ya batani, na chipu hiyo haiponi.

Sugua meno ya bodi kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa spiriti. Chomoa plagi kwanza, na skrini ya chogo usiiguse kwenye kifuniko cha mpira: hubaki na maelfu ya volti.

Pima volti 5 juu ya bodi yenyewe, gemu ikichezwa. Ikishuka 4.7 bodi inajiwasha upya. Zungusha skrubu ya kurekebisha volti kwenye pawa saplai, usivuke 5.1. Rudia kwa bodi ya pili, maana hazili umeme sawa. Kubadili gemu, zima kabati, hesabu kumi, ndipo ugeuze swichi ya rilei.

Upande mmoja wa jostiki ukifa kwa bodi ya pili tu, usifungue jostiki. Anza na ncha ya kuvutwa ya rilei inayobeba waya wa upande huo.