SOMO: Kuku au ng'ombe? Anza kwa kumtazama mlaji

Wapendwa, swali hili naulizwa kila nikitoka bucha, leo nalijibu hatua kwa hatua.

1. Nani anakula? Kwa protini hawaachani sana: gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi zina gramu 30 hivi, steki isiyo na mafuta 26 hivi. Ila kwa madini ya chuma, zinki na vitamini B12, ng'ombe anamwacha kuku mbali. Mjamzito, binti aliyevunja ungo, mtoto anayeanza kula: hao nawanunulia ng'ombe, hata robo kilo. Anayepunguza mafuta, kidari.

2. Angalia mkaa ulionao. Kuku wa kisasa anaiva kwa dakika 40. Wa kienyeji anataka saa moja na zaidi. Mchanganyiko wa ng'ombe, hasa wenye mbavu, hadi saa mbili.

3. Kumlainisha ng'ombe. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Sugua tangawizi na papai bichi lililokunwa, nusu saa tu. Ukizidisha nyama inakuwa uji. Tia chumvi, bandika ichemke kwa maji yake mpaka yakauke, ndipo uongeze maji ya moto. Kisha punguza moto, funika. Ile mishipa migumu huyeyuka taratibu, na ndiyo inayoupa mchuzi uzito. Moto mkali unaikaza nyama. Viungo na nyanya vije mwisho.

4. Kuku aive hadi mfupani. Choma paja kwa kisu: maji yatoke meupe, wekundu usiwepo.

MASWALI

– Dada, kienyeji si ndiye anayeongeza damu?
Ana ladha, nakubali, lakini kwa chuma hamfikii ng'ombe. Maini ya kuku ndiyo yanaipita hata steki. Mjamzito asiyale mara kwa mara, vitamini A yake ni nyingi mno.

– Tukishakula tunateremshia chai ya rangi. Kuna shida?
Chai inazuia chuma kuingia mwilini, zaidi kile cha maharage na mchicha. Ngojeni saa moja. Kwenye sahani wekeni chungwa au ndimu, vinasaidia chuma kuingia.

– Kuku nimwoshe kwa maji ya bomba?
Hapana mpenzi, matone yanarusha vijidudu hadi kwenye kachumbari. Akiwa na manyoya yaliyobaki, yang'oe, mfute, kisha osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni. Moto ndio unaoua vijidudu.