Namna ya Kumsaidia Samaki Aoteshe Upya Pezi Lililokatika

Siku chache baada ya mkia wa samaki kukatika, utaona ukingo mweupe. Ni mwembamba kama uzi, unang'aa kidogo samaki akigeuka kwenye mwanga, na unafuata mstari wote wa jeraha. Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wakiuona hushtuka na kukimbilia dawa ya ukungu. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Beta wangu (samaki mdogo wa mapambo mwenye mapezi marefu) wa kwanza kuchanika mkia nilimtilia dawa siku sita mfululizo kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, na siku zote hizo nilikuwa nalisumbua pezi jipya lililokuwa linaota.

Ndiyo maana hatua ya mwisho ya mwongozo huu, ile ya kusoma ukingo, ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kutia mkono

Subiri samaki atulie, kisha mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Pezi limeundwa kwa vijiti vya mfupa vilivyounganishwa na utando laini. Ukitazama kwa lenzi ya mkononi utaona kila kijiti kina pingili, kama muwa, na mbele zaidi kinagawanyika matawi mawili. Kila pingili ni nusu mbili zinazotazamana, kama mwanzi uliopasuliwa, na katikati yake hupita mishipa ya damu na neva.

Jiulize kilichoharibika ni nini. Kama ni utando tu umechanika kati ya kijiti na kijiti, hilo ni jeraha dogo na mara nyingi huziba ndani ya siku chache. Kama vijiti vyenyewe vimekatika, hesabu wiki kadhaa. Kama jeraha limefika kwenye shina, pale vijiti vinapotokea mwilini, punguza matumaini: pezi linaweza lisirudi kabisa, au likarudi fupi na limepinda.

Kisha tazama ukingo. Samaki aliyeng'atwa na mwenzake au aliyenasa kwenye pambo huwa na mkato unaoeleweka, umekatika hapa, umebaki pale. Pezi linalooza lina sura nyingine: ukingo umechakaa, una weupe mzito, pengine na michirizi ya damu, na kila siku unarudi nyuma kuelekea mwilini. Hiyo ni kazi ya bakteria, mara nyingi wa jamii za Aeromonas, Pseudomonas au Flavobacterium.

Bandika rula kwenye kioo kwa nje na umpige picha samaki akipita mbele yake. Picha hiyo ndiyo shahidi wako, kwa sababu jicho linalomtazama samaki kila siku husahau alikuwaje juzi.

Hatua ya 2: Ondoa kilichomjeruhi

Pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya mawe, mapambo na mimea ya plastiki. Kitakachovuta uzi wa soksi kitachana pezi pia, kitoe. Angalia mdomo wa kichujio kama unavuta kwa nguvu mno, na uuvishe sifongo.

Kama mkosaji ni samaki mwenzake, mtoe mkosaji, si majeruhi. Kumkimbiza majeruhi kwa wavu na kumhamishia maji mageni kunamwongezea hofu wakati kinga ya mwili wake inahitajika zaidi. Mtenge majeruhi pale tu anapoandamwa na kundi zima, au anapohitaji dawa ambayo hutaki iwafikie wengine.

Hatua ya 3: Rekebisha maji

Pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Vyote viwili viwe sifuri. Nitrati ikikaa chini ya miligramu 40 kwa lita inatosha, ingawa mimi kwa majeruhi hupenda iwe nusu ya hapo. Amonia huunguza ngozi na matamvua, na jeraha bichi lililo wazi ndani ya maji ya namna hiyo halitulii.

Badilisha robo ya maji kila siku mbili au tatu kwa wiki mbili za mwanzo. Maji mapya yawe yameondolewa klorini na yawe na joto sawa na ya tangini. Sifongo cha kichujio usikisuuze kwenye bomba, kisuuze ndani ya maji uliyoyatoa tangini, la sivyo utawaua wale bakteria wema wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati.

Kuhusu joto, ni kweli kwamba pezi huota haraka zaidi maji yakiwa na joto. Danio wa milia, yule samaki mdogo anayetumiwa sana katika maabara, hufugwa kwenye nyuzi 28 hivi za Selsiasi, na hapo hurudisha mkia wake kwa takriban wiki mbili hadi tatu. Lakini usipandishe hita kupita kiwango kinachomfaa samaki wako kwa sababu ya haraka. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hufanya sehemu kubwa zaidi ya amonia iwe ya sumu, na bakteria wa Flavobacterium huyafurahia sana.

Hatua ya 4: Chumvi na dawa, kwa kiasi

Kwa mkato safi kwenye maji safi, sitii kitu. Jeraha likionekana kuwasha au kuvimba, natumia chumvi ya kawaida isiyo na viungo, gramu 1 kwa kila lita. Iyeyushe pembeni kwanza, uimimine kidogo kidogo kwa muda wa siku nzima. Kumbuka chumvi haipotei maji yakikauka. Unapobadilisha maji, rudishia chumvi ya yale maji uliyoyatoa tu. Kambare wadogo na mimea mingi hawaipendi, kwa hiyo wakiwemo mtibu mgonjwa kwenye chombo cha pembeni.

Dawa ya bakteria ni kwa pezi linalozidi kurudi nyuma licha ya maji kuwa safi, au samaki anayeacha kula. Ukiianza, maliza siku zilizoandikwa, na uendelee kupima amonia, kwa sababu baadhi ya dawa huua na bakteria wa kichujio.

Na mkasi weka mbali. Nimeona watu wakipunguza pezi ili "linyooke". Kila mkato ni mlango mpya wa maradhi.

Hatua ya 5: Mlishe kwa ajili ya ujenzi

Pezi jipya linahitaji protini. Mpe chakula kidogo mara mbili au tatu kwa siku, na mabaki uyatoe. Lililo muhimu na husahaulika ni vitamini C: bila hiyo kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mfupa, haijengeki vizuri, na samaki wengi hawawezi kuitengeneza miilini mwao kama wafanyavyo wanyama wengine wengi. Vitamini hiyo hupungua upesi kwenye kopo la chakula lililofunguliwa. Kama kopo lako limekaa wazi miezi mingi, fungua jipya. Sehemu ya kalsiamu ya kujengea mfupa samaki huivuta moja kwa moja kutoka kwenye maji kupitia matamvua.

Hatua ya 6: Soma ukingo

Saa chache tu baada ya jeraha, seli za ngozi zilizo jirani huanza kuteleza juu ya kidonda na kukifunika. Kwa danio hilo hukamilika ndani ya siku moja. Hutaliona kwa macho, utaona tu kwamba ukingo hauna tena ule ubichi.

Chini ya kifuniko hicho, kwenye ncha ya kila kijiti, seli hukusanyika na kuwa donge dogo linaloitwa blastema. Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara. Seli za mfupa zilizokwisha komaa huacha kazi yake ya ukomavu, hurudi nyuma kidogo, hugawanyika, kisha hujenga mfupa tena. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2011 zilionyesha kwamba hazigeuki kuwa kitu chochote zitakacho: ya mfupa hurudi mfupa, ya ngozi hurudi ngozi. Kwa danio blastema huwa tayari kati ya siku ya pili na ya tatu, na kuanzia hapo pezi husogea mbele.

Ule ukingo mweupe ninaousema ni huu. Pezi jipya halina rangi, kwa sababu seli za rangi huja baadaye. Mmulike samaki kwa nyuma. Pezi jipya hupitisha mwanga kama karatasi ya nailoni, lina upana unaolingana, na ukitazama vizuri utaona vijiti vikiendelea ndani yake kama mistari hafifu. Ukungu wa ugonjwa hufanana na pamba, una nywelenywele, umekaa hapa na pale. Uozo hauruhusu mwanga kupita, na picha zako zitaonyesha pezi linapungua badala ya kuongezeka. Ukiwa na shaka, subiri siku mbili na upige picha nyingine kabla ya kufungua chupa ya dawa.

Usishangae pia pezi likiota kwa kasi tofauti. Mwanzoni mwa karne ya 20, Thomas Hunt Morgan, mwanabiolojia Mmarekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi yake ya kromosomu, aliandika kwamba mkato ulio karibu na shina huota haraka kuliko ulio karibu na ncha. Kwa hiyo mkia wenye pembe mbili ukikatwa mstari ulionyooka, pembe, ambazo ndizo zilizopoteza zaidi, hukimbia, na katikati hujikokota, mpaka umbo la zamani lirudi. Mwenye tangi akiona pembe mbili zimetangulia hudhani mkia umeharibika.

Samaki mkubwa, mzee, au anayeishi maji baridi atachukua miezi. Mapezi marefu ya mapambo, kama ya beta, huweza kurudi yakiwa na mikunjo au mafupi kidogo. Mrudishe na wenzake pale vijiti vipya vinapokuwa vimenyooka na havilegei anapogeuka kwa kasi, hata kama rangi bado.

Yule beta wangu alipona nilipoacha dawa na kumbadilishia maji. Rangi yake ya buluu ilifika ukingoni baada ya wiki nyingi, ila ukimmulika kwa tochi kutoka nyuma, bado unaona mstari mwembamba mahali pezi la zamani lilipoishia na jipya likaanzia.